Kipa Aliyebaki Kwenye Kioo

Sisi tuliokuwa wadogo kabla kila sebule ya Makole haijawa na simu ya kutelezesha kidole tuna haki ya kusema "zamani," hata kama mama ananicheka. Juzi alinisikia nikimwambia mdogo wangu Idi kwamba zamani yetu haikuwa hivi, akauliza kutoka jikoni, "Zamani ipi hiyo, bibi kizee wa kidato cha nne?" Mimi maneno mazuri huwa yananijia mtu akishaondoka, ndiyo maana huwa naandika. Lakini ninyi wenzangu mliocheza rede kwenye vumbi mpaka soksi nyeupe zikawa rangi ya matofali, mnanielewa. Miaka tisa si michache. Idi hakuwa hata amezaliwa.

Nakumbuka zaidi Jumamosi. Mwezi wa saba upepo wa Dodoma ulikuwa unatuamsha kabla ya wazazi, unapiga mabati kama mtu anadai kufunguliwa, na ukiingia ndani unakuja na mchanga wake mpaka kwenye uji. Tukishachota maji na kufagia uwanja, tulikuwa huru hadi adhuhuri. Mpira wetu wa rede ulikuwa soksi ya baba iliyojazwa matambara, na ukikupata mgongoni ukiwa unajaza mchanga kwenye chupa, unaukumbuka mpaka Jumatatu. Jirani yetu alikuwa na mizabibu nyuma ya nyumba. Zile zabibu zilizokuwa zimekataliwa sokoni alituachia sisi, ndogondogo, chachu, zenye vumbi, na tulizila na mbegu zake tukibishana ni nani mti utamwotea tumboni.

Jua likikaza, wote tulikimbilia sebule ya Babu Kassimu. Huyu ni baba yake mama, na alikuwa anaishi nyumba ya pili kutoka kwetu. Sakafu yake ya saruji ilikuwa ya baridi, Bibi alikuwa anaipaka nta nyekundu, na ukilalia tumbo unasikia ubaridi unaingia taratibu. Na ukutani kulikuwa na picha.

Picha za mpira. Nyeusi na nyeupe, zilizoanza kugeuka rangi ya chai, kila moja ndani ya fremu ya mbao. Vijana waliosimama wamekunja mikono, nywele zimepanda juu na chanuo limechomekwa humohumo, bukta fupi mpaka unaona aibu wewe unayetazama. Jezi hazikuwa na namba. Wengine hawakuwa hata na viatu, lakini walisimama kama watu wanaomiliki uwanja wote. Nyuma ya timu moja lilionekana behewa la treni. Mbele ya nyingine kulikuwa na kikombe kilichowekwa juu ya stuli, na stuli imetandikwa kitambaa cha kufuma, kana kwamba kikombe ni mgeni. Hakuna aliyecheka. Babu alituambia, "Picha ilikuwa inapigwa mara moja. Ukicheka, umecheka milele."

Idi ana picha zaidi ya mia mbili kwenye simu ya mama, na nusu yake ni paji la uso wake.

Sisi tulikuwa na desturi yetu na zile picha. Kila mtoto alikuwa na mchezaji wake. Ulimchagua ukutani, na ukishamchagua ni wako, unamtetea. Hatukuwahi kuwaona wakicheza, walistaafu kabla wazazi wetu hawajajua kutembea, lakini tuligombana juu yao kama tulitoka uwanjani jana. Binamu yangu Rehema, ambaye alipewa mdomo wa watu wawili, alimchukua Babu mwenyewe, kipa wa timu ya mjini, aliyeitwa Kipanga. Mwingine alichukua beki, mwingine yule wa chanuo. Mimi nilikuwa mpole wa kupitiliza, nikasubiri wenzangu wamalize. Nilipoulizwa, alikuwa amebaki mmoja tu ambaye hakuna aliyemtaka.

"Huyo wa Gulwe ndiyo wako," alisema Rehema. "Yule aliyekosa."

Alikuwa kwenye picha kubwa kuliko zote, iliyokuwa katikati ya ukuta. Ni picha ya penalti. Timu ya reli ya Gulwe ilikuwa inacheza na timu ya mjini, na mpiga picha alikuwa amesimama kando ya goli. Upande mmoja yupo mshambuliaji mwembamba, mguu wa kulia uko hewani, vumbi limeruka. Upande mwingine yupo Babu, amelala angani kabisa, mikono imenyooka kuelekea mpira na vidole vimeugusa. Nilimchukua huyo mwembamba. Sikuwa na jinsi. Baada ya wiki kadhaa nikaanza kumpenda, maana ukimtazama kwa muda unaona hajajua bado kwamba amekosa. Uso wake una matumaini yote.

Kisha siku moja mchezaji wangu akabisha hodi.

"Hodi hapa kwa wapagazi!"

Babu alikuwa anakunywa kahawa. Aliweka kikombe chini bila kugeuka. "Nani huyo? Kama ni Mgogo, aache mlenda wake nje, asije akatutelezeshea watu."

Akaingia mzee mrefu, mkavu, kofia ya pama mkononi na fuko la karanga begani. Alikuwa Mzee Ndahani, ambaye enzi zake aliitwa Injini. Alikuwa anatoka Gulwe kwa treni kila mwezi kuja kliniki ya presha, na tangu siku hiyo mpaka mwisho ikawa desturi yake akitoka hospitali kupitia kwa Babu. Tulimwamkia wote, "Shikamoo Babu," akaitikia, "Marahaba, wajukuu wa mwizi wa mabao." Mimi nilijificha nyuma ya mlango. Fikiria mtu uliyezoea kumwona ana sentimita nane ghafla anainama asigonge kichwa mlangoni.

Mwanzoni tulidhani wanagombana kweli. Sisi ni Wanyamwezi wa mjini. Mababu zetu walikuja na misafara, wakachoka hapa, wakaoa, wakafungua maduka. Mzee Ndahani ni Mgogo wa hapa hapa. Wanyamwezi na Wagogo ni watani tangu wakati ule misafara inapita kuomba maji, na mtani ana ruhusa ya kukuambia kitu ambacho mtu mwingine akikisema mnafikishana kwa mjumbe.

"Mikono ya Kinyamwezi," Mzee Ndahani alikuwa anatuambia sisi watoto, "ilizoea kubeba pembe za watu mpaka pwani. Ndiyo maana babu yenu akiona kitu cha mwenzake kinapita, lazima akidake."

"Na huyu," Babu anajibu, "alipiga shuti siku ile mguu umejaa mlenda. Mpira wenyewe ulikuja kwangu unaomba uokolewe."

"Ulifumba macho!"

"Nilikuwa nimefumbua!"

Na hapo ndipo ugomvi wao ulipokaa, kila mwezi, kwa miaka. Mzee Ndahani alikubali kwamba mpira haukuingia. Hilo lilikuwa pichani, hana la kufanya. Alichokataa ni kwamba Babu aliudaka. Alisema Babu aliogopa shuti, akafumba macho, akajirusha ovyo, na mpira kwa bahati mbaya ukamkuta huko alikojirusha. Babu alisema aliuona mpira mpaka nyuzi zake. Basi wanachukua lenzi ya Babu ya kusomea, wanasogea ukutani vichwa vimegusana, na wanatazama uso wa kipa ambao ni mdogo kuliko punje ya mtama. Hakuna jicho linaloonekana pale. Ni kivuli tu. Kila mmoja aliona alichotaka.

Niliwapenda sana wazee wale. Nilikuwa nalala juu ya ile sakafu nikijifanya nasoma, kumbe nasikiliza. Walikuwa wanaweza kutaja timu nzima ya wapinzani, kumi na mmoja, na nani alikuwa na mguu wa kushoto, na nani alicheza huku mkewe ana uchungu hospitali. Walitukanana kwa ufundi, na Bibi akileta chai, Babu anamwekea mwenzake sukari bila kuuliza, vijiko viwili na nusu.

Mwaka ule masika yakawa makali. Mto ulifurika Gulwe, ukang'oa reli, na treni haikuja kwa muda mrefu. Mzee Ndahani alipotokea tena, kwa basi safari hii, hakubisha hodi kwa utani. Alisema tu "Hodi," akakaa. Maji yalikuwa yameingia nyumbani kwake mpaka dirishani. Watu wote walipona, alisema, na mbuzi walipona. Lakini sanduku la bati lililokuwa chini ya kitanda lilikwenda na mto, na ndani yake ndiko zilikokuwa picha zake zote za ujana.

"Wajukuu zangu wamezaliwa wananiona mzee," alisema. "Nikiwaambia nilikuwa Injini, wanacheka. Juzi mmoja kaniuliza, babu, injini ya mashine ya kusaga?"

Akaelekeza fimbo ukutani. "Hiyo ndiyo imebaki duniani, Kassimu. Nipe."

Babu akasema kwa sauti ya utani, ila haikuwa ya utani, "Hiyo haitoki nikiwa hai. Chukua nyingine yoyote."

"Kwenye nyingine sipo."

"Basi."

Nilimwona Mzee Ndahani akiaga. Kabla ya kutoka alisimama mbele ya ile picha, akaweka kidole kwenye kioo, pale kwenye mguu wake ulioko hewani. Alikiacha pale kwa muda. Alama ya kidole ikabaki, na mimi ndiye niliyekuwa na kazi ya kufuta vumbi picha za Babu kila Jumamosi, na ile alama niliiruka.

Nilimlaumu Babu moyoni, nakiri. Lakini leo namwelewa. Kazi zote alizofanya maishani, duka lililofungwa, baiskeli za watu alizotengeneza, hakuna hata moja iliyopigwa picha. Alikuwa na ile sekunde moja tu.

Nikapata wazo. Rehema aliwahi kutumwa kutoa kopi ya cheti cha kuzaliwa kwenye steshenari ya pale kona, na cheti kilibaki salama. Nikamuuliza kwa kunong'ona kama picha pia inawezekana. Akasema inawezekana, ila si na kioo, mwanga unarudi. Basi Jumamosi moja Babu alipokwenda msikitini na Bibi yuko uani anachambua mchele, nilipanda stuli, nikaishusha penalti, nikaifungua kwa nyuma kwa kisu cha mkate. Nilikuwa na miaka minane. Nilitaka tu kuichukua, kuikimbiza kona, kuirudisha.

Sikujua kwamba picha ya miaka mingi ikiwahi kupata unyevu hushikana na kioo. Paa la Babu lilikuwa limevuja masika yale, ukutani palepale. Nilivuta pembe ya karatasi, ikatoka. Nikavuta tena, Injini akatoka mzima, na vumbi lake, na mpira pia ukatoka. Kisha nikasikia mlio mdogo, kama ganda la ubuyu linapotengana na mbegu. Nilipotazama, mikononi mwangu kulikuwa na goli lenye doa jeupe. Babu alikuwa amebaki kwenye kioo.

Sikulia. Niliogopa hata kulia. Nilirudisha kila kitu kama kilivyokuwa, nikaunga karatasi na kioo, nikatundika, nikaenda kukaa chooni mpaka waliponitafuta.

Na ajabu ni kwamba hakuna aliyegundua. Macho ya Babu yalikuwa yameanza ukungu, na kwa mbali penalti ilikuwa penalti. Wiki tatu nilifuta vumbi picha zote, ile moja sikuigusa. Halafu ikafika siku ya kliniki.

Mzee Ndahani alikunywa chai yake, akachukua lenzi, akasogea ukutani kama kawaida. Akatazama. Akafuta lenzi kwa shati. Akatazama tena.

"Kassimu," alisema polepole. "Umehama."

"Nimehama nini?"

"Golini. Umehama golini! Mpira huu hapa, na wewe uko kule unadaka upepo!" Akaanza kurukaruka na fimbo yake. "Bao! Jamani, bao! Miaka yote hii, kumbe bao!"

"Mzee Ndahani, presha hiyo!" Bibi alipiga kelele kutoka uani.

Nilikuwa nimerudisha kioo kikiwa kimesogea kidogo, upana wa ukucha tu. Lakini kwenye picha, upana wa ukucha ni hatua mbili za mtu. Mpira ulikuwa unapita peke yake, na kipa ananyoosha mikono mahali ambapo hakuna kitu.

Babu aliinuka, akaishusha picha, akaifungua. Karatasi ikatoka na doa lake jeupe. Akajaribu kumbandua yule kipa kwenye kioo kwa ukucha, taratibu, kama mtu anayetoa kibanzi kwenye jicho la mtoto. Kipa akakatika vipande, vyembamba kuliko ganda la kitunguu, vikamwangukia kwenye kanzu. Mzee Ndahani aliacha kucheka.

"Nani kafungua picha hii?"

Rehema, Mungu amweke, alinitazama mimi moja kwa moja.

Sikuwa nimewahi kusema sentensi nzima mbele ya wazee wale. Nilisema, "Mimi, Babu. Nilitaka Babu Ndahani apate kopi. Wajukuu zake hawajui kama alicheza."

Babu hakunipiga, hakunifokea. Alijipangusa kanzu, akatoka nje, tukasikia anamimina maji ya birika anatawadha, na wakati alasiri ilikuwa bado. Afadhali angenichapa.

Tukabaki sebuleni na Mzee Ndahani. Aliniita karibu. "Mjukuu, hapa ukutani wewe mchezaji wako ni nani?"

"Wewe."

"Mimi?" Alishangaa kweli. "Ulinichagua mimi?"

"Nilikuwa wa mwisho kuchagua."

Alicheka mpaka akakohoa, mpaka Bibi akaja kumpiga mgongo.

Babu aliporudi, uso na mikono bado vimelowa, aliiokota ile karatasi mezani na kumpa mwenzake bila kumtazama. "Chukua. Ulikuwa unaitaka, na mimi simo tena."

"Sichukui."

"Si ulikuwa unaililia?"

"Nikawaonyeshe nini wajukuu? Napiga goli tupu? Goli tupu hata kuku anafunga." Aliisukuma karatasi mezani. "Watasema babu alikosa na kipa hayupo. Kassimu, bila wewe mimi hapa ni mtu anayerusha vumbi tu."

Halafu Mzee Ndahani akaniambia nimletee penseli, iliyochongwa vizuri. Huyu mzee kwenye reli hakuwa dereva wala fundi. Kazi yake ilikuwa kupaka rangi majina ya stesheni na namba za mabehewa, na mkono wake ulikuwa umetulia kuliko wetu sote. Nilimletea penseli yangu ya shule. Akainama juu ya lile doa jeupe, pua karibu iguse karatasi, na kuanza kumrudisha Babu golini.

Alianza na bukta. Kisha miguu, akakumbuka kwamba soksi ya kushoto ilikuwa imeshuka. Akachora mbavu zilizovutika, akachora mikono.

"Usinifanye mnene," Babu alisema.

"Picha haiongei. Nyamaza."

Alivipeleka vidole mpaka kwenye mpira. Hakuviacha hata unywele mbali, alivigusisha kabisa. Kikabaki kichwa. Akachora kichwa. Kisha akasimamisha penseli, na hapo nilisikia Rehema ameacha kutafuna karanga, maana wote tulijua kilichobaki. Kwa macho yaliyofumba vingetosha vistari viwili. Miaka yote aliapa kwa kanisa lake na la jirani kwamba ni vistari.

Akaweka nukta. Akaweka nukta ya pili.

Akainyanyua karatasi na kuipuliza. Babu alichukua lenzi, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama chochote. Mwisho akasema, "Hm." Basi. Akaifunga ile picha ndani ya gazeti, na kabla hajamwekea mwenzake kwenye fuko la karanga, nikatumwa nayo mbio steshenari ya kona itolewe kopi. Kopi ikabaki kwa Babu, yenye weusi pembeni. Picha yenyewe ikapanda basi kwenda Gulwe.

Mwezi uliofuata walibishana kama kawaida. "Nilikuhurumia tu," Mzee Ndahani alisema. "Ulifumba."

Aliendelea kuja miaka saba mingine. Mwaka jana, masika yalipokatika, tulipigiwa simu kwamba ametangulia mbele ya haki. Babu sasa haoni isipokuwa mwanga, lakini alisema lazima aende, na lazima kwa treni. Nilikwenda naye nikimshika mkono. Nyumba ya Mzee Ndahani imejengwa upya juu ya mwinuko, na picha iko sebuleni, juu ya mlango. Mjukuu wake wa miaka kama kumi, asiyejua sisi ni nani, akaona nimeitazama, akanieleza kwa fahari: "Huyo ni babu, alikuwa Injini. Na huyo kipa alikuwa mkali sana. Babu alisema ndiye mtu pekee aliyelitazama shuti lake mpaka mwisho, bila kufumba macho."

Babu alisikia.

Jeneza lilipoinuliwa kutoka ndani, Babu akaniachia mkono. Akapapasa mpaka mlangoni, akasimama katikati, akanyoosha mikono kushoto na kulia mpaka ikagusa miimo. "Hapiti mtu hapa," alisema. Waombolezaji wakaelewa mara moja, mtani amefika. Wanawake waliokuwa wanalia wakaanza kucheka katikati ya kilio. "Mtani, tuachie mzee wetu apite!" "Apite wapi? Alishindwa kunipita akiwa kijana, anipite leo?" Watu wakacheka zaidi. Waliobeba wakangoja, uzito mabegani.

Kisha Babu akashusha mikono.

"Haya, Injini," alisema. "Siku ile nilifumba. Nilifumba yote mawili. Pita."

Akasogea pembeni mwa mlango. Watu wakacheka tena, wakasema mtani huyu ana mambo, na jeneza likatoka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaushika tena mkono wake, tukalifuata jeneza nyuma.

Siku hizi Idi na wenzake wanatazama mpira kwenye simu. Bao likiwa na utata, refa anakimbilia skrini, video inarudishwa polepole mara tatu, na ndani ya dakika mbili kila mtu ana jibu. Wanashangilia au wanasonya, kisha wanafungua kitu kingine. Wakati mwingine namuuliza Idi, saa moja baadaye, nani alikosa penalti ile, na hamkumbuki. Wazee wetu walikuwa na swali moja, hawakuwa na skrini, na kwa ajili ya swali hilo mtu alipanda treni kila mwezi, mwaka hadi mwaka, akanywa chai ya vijiko viwili na nusu, akarudi kwao bila jibu, ila na furaha tele. Mimi nina picha nyingi, na nina marafiki wachache ambao hatujawahi kukosana kwa lolote. Natamani nimpate mmoja atakayenibishia hivyo mpaka tuzeeke.